Kampuni ikinunuliwa, kazi ya waliojitolea inabaki ya nani?

Bihambwe, katika Masisi, Kivu Kaskazini, iko karibu na Rubaya, kwenye vilima vya koltani. Wakaaji wa huko wanajua tofauti kati ya mwenye karatasi na mwenye jembe: kampuni inaweza kuwa na hati ya kilima, lakini wachimbaji wadogo wadogo ndio wanaoingia shimoni. Hati ikipita kwa tajiri mwingine, mchimbaji hawezi kubeba kilima akahama nacho.

Swali hilohilo liliwafikia pia watengenezaji wa programu za kompyuta, mashine ambazo zenyewe zinahitaji madini ya koltani. Jibu lao lilikuwa tofauti.

Mwaka wa 2000, kampuni ya Marekani, Sun Microsystems, ilifungua msimbo wa programu yake ya kuandikia, yaani maagizo yote yanayoiendesha. Programu ikaitwa OpenOffice.org. Kila mtu aliruhusiwa kuitumia bure, kuibadilisha na kuigawa. Watu wa nchi nyingi wakajitolea kuitengeneza. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo la Kiswahili, Jambo OpenOffice.

Januari 2010, kampuni ya Oracle ilimaliza kuinunua Sun kwa dola zaidi ya bilioni 7. Jina OpenOffice.org likawa mali yake. Wengi wa waliojitolea wakaingiwa na wasiwasi. Tarehe 28 Septemba mwaka huo, kundi lao lilitangaza shirika lao wenyewe na programu mpya, LibreOffice, iliyotokana na msimbo uleule. Walimwomba tajiri awaachie jina la zamani, lakini hawakulipata. Mwaka wa 2011 Oracle iliipa taasisi ya Apache programu ile, lakini wengi walikuwa wameshahama.

MySQL, programu ya kuhifadhi data, nayo ilipita njia hiyo. Sun iliinunua mwaka wa 2008 kwa dola bilioni 1, kisha ikaangukia mikononi mwa Oracle. Mwanzilishi wake, Michael Widenius, alichukua msimbo akaanzisha MariaDB, jina la binti yake.

Kwa hiyo tajiri ananunua jina, ofisi na mikataba. Msimbo uliokwisha kutolewa kwa ruhusa ya wazi haurudi kufungiwa sandukuni. Barua iliyoandikwa kwa OpenOffice ya zamani bado inafunguka katika LibreOffice, bila kulipa hata franga moja.

Lakini ruhusa peke yake haifanyi kazi. Kila toleo jipya linaleta maneno mapya ya kutafsiri, na wasipopatikana watu wa kukaa chini na kuyaandika, Kiswahili kitabaki nyuma. Hapo mchimbaji na mtengeneza programu wanafanana tena: bila mikono yao, karatasi ya tajiri haitoi kitu.