Kuchuja Hadithi kwa Kompyuta: Tusihukumu Kabla ya Kuuliza Sawasawa

 

Ndugu Waislamu, tumchukulie mzee mvuvi anayemfundisha mjukuu wake kuwa maji ya bahari ni tohara na mfu wa bahari ni halali, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyofundisha Mtume (S.A.W.). Kijana anafungua simu, anaingia katika tovuti ya Hadithi, anachagua Sahih al-Bukhari peke yake na kutafuta. Jibu linakuja: hakuna. Anamgeukia mzee na kusema, "Babu, hiyo siyo Hadithi." Mzee ananyamaza, na heshima ya miaka mingi imetikisika mbele ya watoto.

Je, ni nani aliyekosea? Hadithi hiyo imepokewa na Abu Hurayra (R.A.), nayo imo katika Muwatta wa Imam Malik na katika vitabu vya Abu Dawud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah. Tirmidhi, aliyekuwa mwanafunzi wa Bukhari, alimuuliza mwalimu wake kuhusu Hadithi hiyo, naye akaisahihisha, ingawa hakuiweka katika Sahihi yake. Imepokewa pia kwamba Bukhari alisema aliziacha Hadithi nyingi sahihi ili kitabu kisirefuke. Basi simu haikusema uongo, wala babu hakusema uongo. Kijana ndiye aliyeuliza swali finyu, kisha akalitolea hukumu pana.

Hatuna budi kufahamu jinsi hazina hizi zinavyofanya kazi. Kila Hadithi huhifadhiwa pamoja na alama zake: kitabu, mlango, Sahaba aliyeipokea, matini na daraja iliyopewa. Tovuti ya Kiarabu ya Ad-Durar as-Saniyya, kwa mfano, humwezesha msomaji kuchagua mwanachuoni, kitabu, Sahaba na daraja kwa pamoja. Kila kigezo ni kama chekecheo. Tukiweka machekecheo manne, moja juu ya jingine, hupita kile tu kilichopita katika yote manne.

Hapa pana mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, tutofautishe "na" na "au". Anayetaka Hadithi zilizomo katika Abu Dawud au Tirmidhi hupata zile za kitabu hiki pamoja na za kile. Lakini anayetaka zilizomo katika Abu Dawud na Tirmidhi kwa pamoja hupata chache zaidi, yaani zile tu walizoshirikiana. Pili, Hadithi ambayo haikuandikiwa daraja katika hazina hiyo hutoweka mara tunapochagua "sahihi" pekee, na kutoweka huko si dalili ya udhaifu. Tatu, jina moja huandikwa kwa namna nyingi: Ibn Umar na Abdallah bin Umar ni Sahaba mmoja, lakini mashine inaweza kuwahesabu kuwa wawili.

Kwa hiyo tuanze kwa upana, kisha tuongeze kigezo kimoja kimoja, tukitazama kila mara kimetoka nini.

Uchujaji huu pia hutukinga. Wengi tumezoea kusikia riwaya inayohimiza kuifuata elimu hata China. Tukitafuta katika vitabu sita mashuhuri hatuipati. Tukipanua utafutaji tunaikuta kwa Bayhaqi, aliyeidhoofisha, na kwa Ibn al-Jawzi, aliyeiweka miongoni mwa zilizozuliwa. Ama Hadithi ya kuwa kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu, hiyo imo katika Ibn Majah.

Wala fikra hii si ngeni kwetu. Ibn as-Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, alieleza kuwa Hadithi sahihi hukusanya mambo matano: sanadi iliyoungana, uadilifu wa wapokezi, umakini wao, kutokuwa na upweke unaopingana na walio madhubuti zaidi, na kutokuwa na ila iliyofichika. Yote matano kwa pamoja. Likikosekana moja, daraja hiyo haifikiwi. Tofauti ni kwamba mashine huchekecha alama zilizokwisha kuandikwa, ambapo wanachuoni walitumia umri wao kuzithibitisha alama hizo.

Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, Waumini wameamrishwa kuzihakikisha habari wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, kisha wakajuta. Amri hiyo inamhusu anayesambaza riwaya bila uchunguzi, na inamhusu pia anayekanusha kwa pupa.

Wazazi, tusiwakataze vijana kutafuta. Tukae nao, tutazame pamoja vigezo walivyochagua, na linapobaki tatizo tumwendee mwenye elimu. Na kijana aliyemvunjia babu yake heshima, basi amrudie, ambusu mkono na amuombe radhi.