Kituo cha polisi kimejengwa, mafuta ya doria yatatoka wapi?

WAFUGAJI wa ng'ombe wa maziwa na wachuuzi wanaorauka kwenda sokoni wana gharama moja ambayo ni nadra kuiandika kwenye daftari: usalama. Anayengoja kupambazuke ndipo atoke na mboga zake hukuta wanunuzi wa jumla wameshaondoka. Anayelala karibu na zizi akiwa na tochi na rungu hana nguvu ya kushika jembe kesho yake.

Ndiyo maana ombi la kituo cha polisi si geni katika mikutano ya wadi. Na pesa za kukijenga zimekuwepo kwa miaka mingi. Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, CDF, iliundwa kwa sheria ya 2003 na kutengewa angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Robo tatu ya fedha hizo zilifaa kugawanywa sawa kwa maeneobunge yote, na robo iliyobaki kufuata kiwango cha umaskini. Mwaka wa kwanza, 2003/2004, maeneobunge 210 yalipata Sh1.26 bilioni, yaani Sh6 milioni kwa kila eneobunge.

Siku hizo kituo cha polisi kilishindania pesa na josho la ng'ombe, zahanati na kisima. Mambo yalibadilika baada ya ugatuzi. Katiba ya 2010 iliweka kilimo, afya ya mifugo na masoko chini ya kaunti, nao polisi wakabaki chini ya serikali kuu. Sheria mpya ya hazina ya 2015 ikaruhusu kazi za serikali kuu pekee. Josho likatoka kwenye orodha, kituo cha polisi kikasalia. Mkulima aliyeendelea kuiomba kamati ya hazina josho alikuwa akibisha mlango usio wake.

Sasa tuje kwenye kiini cha shida. Tangu mwanzo, hazina hii ilikusudiwa kugharimia mradi kamili, au awamu ya mradi inayojulikana mwanzo na mwisho wake. Haikukusudiwa kulipia gharama za kila siku za kuuendesha. Kuta, paa, choo na ua vinalipika. Petroli, magurudumu, matengenezo na mishahara ni mzigo wa bajeti ya Huduma ya Taifa ya Polisi, inayopitishwa bungeni. Hata idadi ya maafisa watakaotumwa pale haiamuliwi na kamati ya eneobunge. Kwa hivyo kijiji kinaweza kupata jengo zuri lenye rangi mpya, na usiku ukipiga simu kwamba ng'ombe wameswagwa, uambiwe hakuna mafuta.

Tupige hesabu ya mfano. Chukua kituo chenye pikipiki mbili, kila moja ikitumia lita tatu za petroli kwa usiku. Hizo ni lita 180 kwa mwezi. Tukikadiria lita kuwa Sh180, gharama ni Sh32,400. Upande wa pili, ng'ombe wa gredi mwenye thamani ya Sh120,000 akiibwa, hasara hiyo inakaribia mafuta ya doria ya miezi minne. Na hapo hatujahesabu maziwa: lita 10 kwa siku kwa Sh50 ni Sh15,000 kila mwezi ambazo hazitaingia tena. Ukiangalia hivyo, doria ni rahisi kuliko wizi. Tatizo ni kwamba anayepoteza ng'ombe na anayetenga pesa za mafuta si mtu mmoja.

Wengine watasema basi tuchange wenyewe. Mimi sikubaliani nao. Wenye maduka wakinunua mafuta, pikipiki itazunguka madukani, na mjane mwenye ng'ombe mmoja kule bondeni atasubiri. Isitoshe, mchango usio na risiti haukawii kugeuka ada, na ada hiyo ikawa hongo. Afadhali nguvu hizo ziende kwa kaunti, ambayo masoko na taa za barabarani ni kazi yake. Taa ya mulika mwizi penye soko humwezesha mchuuzi kupanga bidhaa mapema bila kumtegemea afisa yeyote.

Sheria ya 2015 ilitaka mikutano ya wazi ifanywe katika kila wadi, angalau mara moja kila miaka miwili, ili wananchi wataje miradi wanayoitaka. Mahali pa kuuliza ni hapo, kabla ya mawe kumwagwa. Je, mkuu wa polisi wa eneo ameandika barua ya kukubali kutuma maafisa, na ni wangapi? Kituo kitapewa chombo gani cha usafiri, na mafuta yake yako kwenye bajeti ya nani? Shamba lina hatimiliki? Kama majibu hayapo, ni heri kuongeza nyumba za maafisa katika kituo ambacho tayari kina gari.

Swali hili halitaondoka na jina la hazina. Septemba 2024, Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya 2015 inakiuka Katiba, ikaweka Juni 30, 2026 kuwa mwisho wa hazina, na suala hilo likapelekwa kwenye rufaa. Majengo yaliyokwisha kujengwa yatahitaji mafuta vilevile, na mbunge anayepiga kura kuhusu bajeti ya polisi ni yule yule aliyekata utepe mlangoni.