Wino Mweusi Haupimwi kwa Macho

Mchoraji wa Ziba au Tabora mjini anayechora kwa wino kisha akapaka rangi za maji juu yake, huikabidhi kazi yake yote kwa wino ule. Ukichuja, anga hugeuka kijivu na uso wa mtu huingia madoa yasiyotoka. Hata hivyo, wengi wetu hununua wino kwa kuangalia weusi tu. Weusi hauthibitishi uimara. Kinachoamua ni kilichomo ndani ya wino, na hicho hujulikana kwa kuujaribu.

Historia ya njia ya misafara iliyopita Tabora ina ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1871, mmisionari na msafiri David Livingstone akiwa Manyema, Kongo ya mashariki, aliishiwa karatasi na wino. Akaandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu la London, kwa wino alioutengeneza kutokana na rangi ya mmea. Baadaye aliyanakili mambo yale katika daftari kubwa, ambalo mwanahabari Henry Stanley aliondoka nalo Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872. Miaka ilivyopita, mwandiko wa rangi ya mmea ulififia hadi ukawa hausomeki, ilhali maandishi ya gazeti, yaliyochapwa kwa wino wa masizi na mafuta, yalibaki meusi. Ilibidi wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki waupige picha kwa mianga ya aina mbalimbali, na mwaka 2011 wakautoa hadharani. Msomaji atasema kufifia si kuchuja. Ni kweli, lakini yote mawili hutegemea rangi iliyomo na kinachoishikilia kwenye karatasi.

Wino wa rangi inayoyeyuka huitikia maji mara brashi inapopita. Masizi hayayeyuki, lakini nayo huhitaji gundi ya kuyashika: yakishikwa na gamu ya mgunga peke yake, maji huilegeza na mstari hutawanyika; lakini yakishikwa na sheleki, gundi isiyolegezwa na maji, hutulia yakishakauka. Ndiyo maana chupa mbili zenye weusi uleule huweza kutoa matokeo tofauti kabisa.

Wapo watakaosema lebo ya "haichuji" inatosha. Lebo haijui karatasi yako, wala muda uliosubiri. Wengine husema bolpeni ni salama kwa kuwa wino wake una mafuta. Mara nyingi huyavumilia maji, lakini spiriti iliyo katika baadhi ya makapeni huweza kuuyeyusha. Kwa hiyo chora mistari minene na myembamba kwenye kipande cha karatasi ileile utakayotumia. Upande mmoja upakwe baada ya dakika tano, mwingine baada ya siku nzima, kwanza kwa maji matupu, kisha kwa rangi yenyewe, ukirudisha brashi mara kadhaa. Rangi ya njano huonyesha uchafu upesi kuliko nyingine.

Walimu wa sanaa, anzeni na jaribio hili kabla ya somo la kwanza la rangi za maji. Gharama yake ni kipande cha karatasi, na faida yake ni picha inayobaki safi.