Muda wa Riba Ukiisha

Tangu Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa mwaka 1972, ilipofungwa mwaka 1995, mkopo wa nyumba mjini Moshi hutafutwa katika mabenki ya biashara. Riba isiyobadilika huwa na mwisho. Ukifika, rejesho la mwezi laweza kupanda.

Basi mkopaji asingoje barua. Miezi kadhaa kabla, na aulize kwa maandishi riba mpya, kisha ailinganishe na ya benki nyingine, pamoja na gharama za kuhamisha rehani.

Asikimbilie kukiweka rehani kihamba. Ndugu wa visiwani wajue: kihamba ni shamba la ukoo mlimani, lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Hiyo ni amana, si dhamana. Nanyi maofisa, mikataba hiyo isomeke kwa Kiswahili.