Gari Halina Nguvu? Tazama Linavuta Hewa Gani

Kijana akipata gari lake la kwanza huku Ghuba, mara nyingi kitu anachokimbilia kubadilisha baada ya rimu ni eya klina. Anang'oa boksi jeusi la plastiki lililotoka kiwandani, anafunga kichujio cha wazi chenye umbo la pia, na kuanzia siku hiyo mtaa mzima unajua akipita.

Mlio unaongezeka kweli. Nguvu ni habari nyingine.

Injini inakula hewa nyingi kuliko petroli. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Lita moja tu ya petroli inakwenda na takriban lita 9,000 za hewa! Kompyuta ya gari hupima hewa iliyoingia ndipo inapopuliza mafuta, kwa hiyo hewa ikipungua na mafuta hupungua, na gari linakosa nguvu.

Sasa hewa ikipata joto hutanuka, na kila silinda inaambulia kidogo. Hewa ya nyuzi joto 45, ambayo si ajabu Muscat au Dubai wakati wa kiangazi, ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 15. Chini ya boneti, hasa kwenye foleni, joto linaweza kufika nyuzi 70 na zaidi, na kichujio cha wazi kilichokaa karibu na rejeta kinavuta hewa hiyo hiyo. Isitoshe, hewa ya moto huweza kufanya mafuta yaripuke ovyo ndani ya silinda. Kompyuta ikihisi hivyo huchelewesha cheche za plagi ili kuilinda injini. Umetoa pesa yako, na nguvu imepungua.

Lile boksi linalodharauliwa, katika magari mengi huvuta hewa kutoka mbele ya gari au upande wa madigadi, inakopita hewa ya nje.

Kinachosaidia kweli ni kitu cha bei ndogo: kubadilisha kichujio kilichojaa vumbi. Utafiti wa maabara ya Oak Ridge ya Marekani uliotolewa mwaka 2009 uligundua kuwa katika magari ya petroli yasiyotumia kabureta, kichujio kilichoziba hakiongezi ulaji wa mafuta kama wengi tunavyoamini. Kinachoathirika ni uwezo wa gari kuchomoka: kwa kichujio kipya, muda wa kuongeza kasi ulipungua kwa asilimia 6 hadi 11.

Kwa vumbi la jangwani usisubiri kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Na wewe unayenunua gari Dubai ulipeleke Mombasa au Dar es Salaam, fungua boksi hilo kabla ya kulipa. Pinda pia mpira unaotoka kwenye kichujio kwenda kwenye injini, maana ukiwa umepasuka vumbi linaingia moja kwa moja bila kuchujwa.

Wapo wanaokwepa joto kwa kufunga bomba refu linaloshuka hadi nyuma ya bampa. Hewa ya huko ni baridi kweli, lakini pako chini, karibu na barabara. Aprili 16, 2024, Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949, na magari mengi yalikwama majini.

Maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikipanda ikayakuta, mkono wa chuma unaoisukuma ndio unaopinda, na injini imekwisha.

Gari likikuzimikia ndani ya maji, usipige stata tena hata mara moja. Livutwe hadi pakavu, fundi afungue eya klina kwanza. Akikuta imelowa, atoe plagi zote kabla ya kuizungusha injini, maji yapate pa kutokea.