Ukosefu wa Kazi Mjini: Kutoka Mkorosho wa Kusini hadi Mtaa wa Kongo

Kabla jua halijachomoza, barabara ya Morogoro ikatizapo bonde la Jangwani huwa imekwisha jaa watu waendao kwa miguu. Wanatoka Magomeni, Manzese na Kigogo, wanavuka Mto Msimbazi na kupanda kuelekea Kariakoo. Wengine wanasukuma mikokoteni mitupu, wengine wamejitwika mabeseni, na wengi hawana kitu mkononi. Hao wa mwisho hawaendi kazini. Wanakwenda kuitafuta kazi, na aghalabu huitafuta pale pale walipoitafuta jana: kijiweni, kandokando ya soko, wakingoja lori la viazi au nyanya litakalohitaji mabega ya kushushia magunia.

Ichukuliwe kwamba kijana mmojawapo ameshusha magunia kwa muda wa saa mbili siku ya Jumanne, akalipwa, na siku nyingine zote za juma akakaa bure. Je, mtu huyo ana kazi au hana? Swali hili laonekana jepesi, lakini jibu lake ndilo huamua ukubwa wa tatizo lenyewe katika vitabu vya takwimu. Kwa kipimo kilichokubaliwa na wanatakwimu wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1982, mtu huhesabiwa kuwa na kazi iwapo alifanya kazi ya kipato walau kwa saa moja katika juma la uchunguzi. Ili ahesabiwe kuwa hana kazi, sharti atimize mambo matatu kwa pamoja: awe hana kazi kabisa, awe tayari kuifanya, na awe ameitafuta. Kwa kipimo hicho kijana wetu wa magunia ana kazi. Mwenziwe aliyekata tamaa ya kutafuta, akabaki nyumbani Manzese, hahesabiwi kuwa mtu asiye na kazi. Yeye amewekwa nje ya hesabu.

Kipimo hicho kilitungwa kikizielekea zaidi nchi ambazo mtu asiye na kazi hujiandikisha ofisini na kulipwa posho. Katika nchi isiyo na posho hiyo, kukaa bure kabisa ni anasa ambayo maskini hawezi kuimudu. Kwa sababu hiyo watakwimu wa Tanzania hutumia pia tafsiri ya kitaifa iliyo pana zaidi, inayowaingiza wale walio tayari kufanya kazi ingawa hawakuitafuta, pamoja na wale ambao vibarua vyao havina uhakika. Kwa tafsiri hiyo, uchunguzi wa nguvukazi wa Tanzania Bara wa mwaka 2014 ulipata asilimia 10.3 ya watu wasio na kazi, na ule wa 2020/21 ulipata asilimia 9.0. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wake zoezi lenye manufaa: wachague mtaa mmoja, wawaulize watu ishirini maswali ya vipimo vyote viwili, kisha walinganishe majibu. Watashangaa jinsi watu wale wale, siku ile ile, wanavyoweza kutoa asilimia mbili zilizo mbali mbali.

Sasa yafaa kuuliza watu hao wametoka wapi. Mwaka 1967 mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao 273,000. Sensa ya 1978 iliukuta mkoa mzima ukiwa na watu wapatao 843,000, na ile ya 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Hapana kiwanda wala ofisi iliyoweza kukua kwa kasi hiyo. Lakini kusema tu kwamba vijana walivutwa na taa za mjini ni kurahisisha mambo kupita kiasi. Wengi hawakuvutwa bali walisukumwa, na mara nyingine kilichowasukuma kilikuwa kitu kidogo kisichoonekana kwa macho.

Mikoa ya Lindi na Mtwara yatoa mfano ulio wazi. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000, ikiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa ulimwenguni. Sehemu kubwa ya mavuno hayo ilitoka Kusini. Miaka kumi na mitatu baadaye, katika msimu wa 1986/87, mavuno yalikuwa yameporomoka hadi kiasi cha tani 16,500. Sababu zilikuwa nyingi na zilisaidiana. Wakulima walihamishiwa katika vijiji vipya miaka ya katikati ya 1970, wakaiacha mikorosho yao mbali, ikamezwa na vichaka. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo mno hata kufyeka shamba hakukuwa na faida. Tena, kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo ukaenea ugonjwa wa ubwiriunga.

Ubwiriunga huletwa na kuvu aitwaye Oidium anacardii. Kuvu huyu hushambulia majani machanga na hasa maua, ambayo hufunikwa na unga mweupe wenye rangi ya majivu, yakasinyaa na kupukutika kabla ya kufunga korosho. Mbegu zake ndogo husafiri kwa upepo, na shamba lisilopaliwa, lenye miti iliyosongamana na kivuli kizito, ndilo makao anayoyapenda. Kwa hiyo kuhama kwa wakulima kuliandaa mahali, na kuvu akaja kupakaa. Mkulima ambaye mkorosho ulikuwa ndio fedha yake ya kodi, ya nguo na ya ada ya shule hakufukuzwa na mwajiri yeyote. Hapana barua aliyoandikiwa. Hata hivyo alipoteza kazi kama vile alivyoipoteza mfanyakazi yeyote wa kiwanda kilichofungwa, na mwanawe akapanda lori kuelekea Dar es Salaam.

Si ajabu basi kwamba wachuuzi wa mitaa ya Kariakoo walikuja kuitwa wamachinga. Jina hilo huhusishwa na vijana waliotoka Kusini, ambako Wamachinga ni kabila la mkoa wa Lindi. Leo jina limewaenea wote, awe ametoka Newala, Singida au Kigoma.

Wataalamu wa uchumi wawili, John Harris na Michael Todaro, walioichunguza Afrika Mashariki, walichapisha mwaka 1970 hesabu inayoeleza kwa nini watu huendelea kuja mjini hata wakijua kwamba kazi hazitoshi. Hesabu yenyewe haimshindi mwanafunzi wa kidato cha pili. Ichukuliwe kwamba kijijini mtu hupata shilingi 10,000 kwa mwezi, na mjini mshahara ni shilingi 30,000. Ikiwa nusu ya watafutaji hufanikiwa, tarajio la mtu aendaye mjini ni nusu ya 30,000, yaani shilingi 15,000. Hilo lazidi pato la kijijini, na kwa hiyo ataondoka. Watu wataendelea kuja mpaka mmoja kati ya watatu tu ndiye apataye kazi, maana hapo tarajio hushuka hadi shilingi 10,000 na safari haina faida tena. Hao wawili wasio na kazi si wajinga wala wavivu. Wamebahatisha kwa akili timamu.

Katika hesabu hiyo mmefichika jambo la kushangaza. Serikali ikiongeza nafasi 100 za kazi mjini huku kila kitu kingine kikibaki vile vile, watakuja watu 300, na jeshi la wasio na kazi litaongezeka kwa watu 200. Nchini Kenya jambo la namna hiyo lilionekana mwaka 1964. Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipatana kwamba waajiri waongeze idadi ya wafanyakazi na vyama visidai nyongeza za mishahara. Nafasi zilipatikana, lakini habari zilipofika vijijini umati wa watafutaji ukazidi ule uliokuwapo hapo kwanza.

Sasa hesabu igeuzwe. Pato la kijijini likipanda kutoka shilingi 10,000 hadi 15,000, wasio na kazi mjini watapungua kutoka wawili kati ya watatu hadi mmoja kati ya wawili, bila hata nafasi moja kuongezwa mjini. Kwa maneno mengine, mtaalamu anayetafuta dawa ya ubwiriunga huko Naliendele anashughulikia vijiwe vya Kariakoo.

Watawala hawakuifuata hesabu hiyo daima. Njia iliyowajia upesi ilikuwa kuwakamata watu na kuwarudisha makwao. Serikali ya Mwingereza ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika wasiotakiwa mwaka 1944. Baada ya uhuru palifanyika operesheni mbali mbali, miongoni mwazo ile ya 1976, na kubwa kuliko zote ilifuata Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983. Kila mkazi mwenye umri wa kufanya kazi alitakiwa awe na kitambulisho cha kazi, na asiyekuwa nacho aliweza kukamatwa na kupelekwa mashambani. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kwani nchi ilihitaji chakula na mashamba yalihitaji watu. Lakini pato la kijijini lilikuwa lile lile lililowakimbiza watu. Wengi walirudi mjini upesi, na kila aliyeondolewa aliacha nafasi ya kubahatisha kwa mwingine. Zaidi ya hayo, miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo watu waliokuwa wakifanya kazi kutwa: wauza karanga, washona viatu, mama ntilie. Jina la Kariakoo lenyewe, ikumbukwe, latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mahali palipopewa jina la watu waliokamatwa ili wafanye kazi pakawa mahali pa kuwakamatia watu kwa kutokuwa nayo.

Hesabu ya Harris na Todaro nayo ina kasoro moja, ambayo mtu hujifunza akitembea Mtaa wa Kongo kwa dakika kumi tu. Hesabu hiyo yachukulia kwamba asiyepata mshahara hapati kitu. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliotumwa Kenya ulieleza kwamba mafundi na wachuuzi wasioandikishwa walikuwa wengi na walizalisha mali halisi. Ndio ambao Kenya huwaita jua kali. Dar es Salaam ya miaka ya 1980 ilithibitisha hayo kwa ukali. Baada ya mafuta kupanda bei mara mbili, na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nguvu ya mshahara ilishuka kwa zaidi ya nusu. Mfanyakazi mwenye barua ya ajira alilishwa na mkewe aliyeuza maandazi. Ikawa vigumu kusema ni nani kati yao aliye na kazi.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba uchuuzi umemaliza tatizo. Wachuuzi kumi wakiuza mikanda ya aina moja katika mtaa mmoja, wanunuzi wakiwa wale wale, kila mmoja atauza sehemu ya kumi ya kile ambacho angeuza mmoja. Mtu wa kumi na moja akija, mali ya taifa haiongezeki. Fungu la kila mmoja hupungua. Hasara ya pili ni ya ujuzi. Kijana aliyefunzwa kuchomelea vyuma, akauza soksi kwa miaka mitano, mkono wake husahau, na fedha za mafunzo yake zimepotea. Hasara ya tatu huonekana Jangwani penyewe. Asiye na pato la uhakika hujenga palipo rahisi, nako ni bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuzibomoa nyumba za wengi, na baadhi ya waliookolewa wakapewa viwanja Mabwepande, mbali na kijiwe kilichowalisha. Wengi walionekana tena bondeni baadaye, na kwa hesabu iliyoelezwa hapo juu sababu yake haifichiki.

Tiba zilizojaribiwa tangu hapo zimetofautiana. Jengo la wamachinga la Ilala lilikaa muda mrefu likiwa na vizimba vitupu, kwa kuwa mchuuzi huishi kwa kumkuta mpita njia, na mpita njia hapandi ghorofa kutafuta soksi. Desemba 2018 vilianza kutolewa vitambulisho vya wachuuzi kwa shilingi 20,000. Oktoba 2021 wachuuzi waliondolewa kando ya barabara na kupangiwa maeneo mengine. Sheria ya 2018 iliyozitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu imewafaa baadhi, ingawa mkopo wa kununulia mikanda humwongeza tu mchuuzi wa kumi na moja. Mkopo wa kununulia cherehani au mashine ya kusindika ni jambo jingine.

Huko Kusini dawa ilipatikana. Watafiti wa Naliendele walionyesha kwamba unga wa salfa, ukipulizwa kwenye maua kwa wakati wake, humzuia kuvu. Miche bora ikafuata, na baada ya biashara kulegezwa bei nazo zikapanda. Msimu wa 2017/18 ulitoa zaidi ya tani 300,000, mara mbili ya kilele cha zamani. Lakini sehemu kubwa ya korosho hizo husafirishwa zikiwa na maganda hadi India na Vietnam. Viwanda vya kubangulia vilivyojengwa kwa mkopo katika miaka ya 1970, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka, vilikamilika wakati mavuno yakiporomoka, navyo vikafungwa. Kilo nne au tano za korosho ghafi hutoa kilo moja ya kiini. Ganda lina mafuta makali yachomayo ngozi, hivyo mbanguaji hujipaka majivu au mafuta mikononi, na mashine zilizoagizwa wakati ule zilivunja viini vingi mno. Kiini kizima huuzwa ghali, kilichovunjika hupoteza bei, na mkono wa mtu bado ni hodari kuliko chuma katika kukitoa kikiwa kizima.