Kijana wa Kijerumani anafanya nini kwenye zahanati ya kijijini kwetu?

Kila Agosti na Septemba, ndege zinazotua Dar es Salaam na Kilimanjaro hushusha vijana wa Kijerumani wenye mabegi makubwa ya mgongoni, wengi wakiwa wamemaliza sekondari miezi michache tu iliyopita. Wapo wanaokwenda mashuleni, wapo wa miradi ya mazingira, na wapo wanaopelekwa zahanati na kwenye miradi ya afya ya jamii. Sisi tunaoishi Ujerumani ndio tunaopigiwa simu: hawa ni madaktari? Nani anawalipa? Mbona huyu wa kwetu hajui hata kupima presha?

Si madaktari. Wengi wanakuja kupitia mpango uitwao weltwärts, ulioanzishwa mwaka 2008 na wizara ya Ujerumani ya ushirikiano wa maendeleo. Unapokea vijana wa miaka 18 hadi 28 kwa miezi 6 hadi 24, ingawa mwaka mmoja ndio mazoea. Serikali hulipa hadi asilimia 75 ya gharama. Zinazobaki hutafutwa na shirika linalomtuma kijana, ndiyo maana jirani yako huku anaweza kukugongea mlango akiomba mchango wa kumpeleka binti yake Iringa. Kijana anapewa malazi, chakula na pesa kidogo ya mfukoni, mshahara hana. Na wizara haikuficha kitu: tangu mwanzo iliuita mpango wa kujifunza, na mwanafunzi ni huyo kijana.

Watu wa nyumbani wakichanganyikiwa siwalaumu, maana wajitoleaji waliowazoea zamani walikuja na fani zao. Peace Corps ya Marekani iliundwa Machi 1961, na kikundi chake kimoja cha mwanzo kilifika Tanganyika hata kabla ya Uhuru kikiwa na wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Ujerumani Magharibi ilifuata Juni 1963 kwa shirika la DED, lililozinduliwa Bonn mbele ya Rais Kennedy. DED ilituma wauguzi, mafundi na wengine waliokwisha kusomea kazi, mpaka ilipounganishwa na mashirika mengine mawili mwaka 2011 kuwa GIZ tunayoijua leo.

Huyu wa miaka kumi na minane ametokea njia nyingine, na njia hiyo ni ya Wajerumani wenyewe. Kwa miongo mingi kila mvulana hapa alidaiwa jeshi. Aliyekataa bunduki kwa sababu ya dhamiri alipewa utumishi wa kiraia: kulisha wazee kwenye nyumba zao za kulelewa, kusukuma vitanda hospitalini, kubeba wagonjwa. Muulize Mjerumani yeyote wa miaka hamsini atakusimulia. Kuanzia 1986 sheria iliruhusu utumishi mwingine kufanywa nje ya nchi badala ya huo. Mwaka 2011 uandikishaji wa lazima ukasimamishwa, lakini desturi ya kutoa mwaka mmoja baada ya shule ilibaki, safari hii kwa wasichana na wavulana. Kwa hiyo kijana aliyeko Iringa hajioni kama mtaalamu wa misaada. Anafanya ambacho kaka yake alifanya Stuttgart, isipokuwa jua ni kali zaidi na hajui lugha.

Lugha ndiyo inayokwamisha. Afya ya jamii kijijini ni maneno kwanza, dawa baadaye. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya: vikundi vya watu wazima vilikusanyika kusikiliza redio, kusoma kijitabu na kujadili malaria, kichocho, maji na vyoo, na washiriki walikadiriwa kufikia milioni 2. Vyoo vilichimbwa na wenyeji baada ya kubishana kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa miaka mitano kabla ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 kuitangazia dunia huduma ya afya ya msingi.

Mzigo huo bado uko kwa wenyeji. Kenya ilikabidhi vifaa kwa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 mwaka 2023, na posho iliyoahidiwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, serikali kuu na kaunti zikigawana. Tanzania nayo ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kabla ya hapo wengi wa wahudumu hawa walifanya kazi miaka kwa shukrani tu na fulana ya mradi. Machi 2020 korona ilipoingia, wajitoleaji wa weltwärts na wa Peace Corps duniani kote waliitwa kwao. Zahanati ziliendelea kufunguliwa asubuhi.

Basi wa nini? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shida ni kwamba zahanati nyingi hazijui zimpe jembe gani. Mimi ningempa mizani ya kliniki ya watoto, daftari, stoo ya dawa inayohitaji kuhesabiwa, na matembezi ya nyumba kwa nyumba nyuma ya mhudumu, mdomo ukiwa umefungwa. Sindano asiguse, kuzalisha asiguse. Asichoruhusiwa kufanya Hamburg hakijawa halali kwa sababu foleni ya kwetu ni ndefu. Mganga mfawidhi ana haki ya kukataa, hata kama shirika limeleta kompyuta. Aulize pia kibali cha ukaazi daraja C, ambacho ndicho cha wajitoleaji. Wenzetu wa diaspora wenye udaktari wanaopanga kambi za matibabu wakati wa likizo nao wajue kwamba digrii ya Ulaya peke yake haitoshi; kuna baraza la madaktari la kujisajili kwanza.

Kuna upande usiozungumzwa sana. Tangu 2013 weltwärts inawaleta pia vijana wa kwetu huku, katika shule za chekechea, nyumba za wazee na vituo vya watu wenye ulemavu. Mwaka ukiisha, baadhi yao huomba mafunzo ya uuguzi, na hapa mwanafunzi wa uuguzi hulipwa tangu mwezi wa kwanza. Siwezi kumwambia yeyote akatae. Lakini Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yenye nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa wahudumu wa afya, ambazo nchi tajiri zinaombwa zisiende kuajiri kwa kampeni. Kwa hiyo tunapokea kijana anayejifunza kupima presha, na wa kwetu anayeweza kuwa muuguzi anabaki Bremen. Mashirika ya pande zote mbili yanapokaa mezani kupanga nafasi za mwaka ujao, ningependa hesabu hiyo iwe kwenye ajenda, na mganga mfawidhi awe mmoja wa waliokaa.